Spidi Anaolewa Ghorofani

Habari ilifika kijiweni kabla vitumbua havijageuzwa upande wa pili: Spidi anaolewa.

"Rudia," alisema Diwani, kikombe kikiwa kimesimama njiani kuelekea mdomoni. "Umemaanisha anaoa."

"Nimesema anaolewa, na sina kigugumizi," alijibu Lenta. "Felista ananunua fleti. Humu humu Jengo la Njano, ghorofa ya tatu, chumba na sebule, jiko na choo ndani. Leo mchana wanasaini kwa wakili. Harusi ikiisha, Spidi anabeba begi lake, anapanda ngazi, anahamia kwa mwanamke. Sasa wewe msomi wa siasa tuambie, hapo nani kaoa na nani kaolewa?"

Felista alikuwa palepale nyuma ya jiko la mkaa, kijiti mkononi, na hakuna aliyeona sababu ya kupunguza sauti. Mtu anayewauzia chai kila asubuhi wanamhesabu sawa na ukuta: wanamsema mbele ya uso wake, kisha wanamwambia aongeze tangawizi. Naye hakuwa na haraka ya kujibu. Kitumbua ukikigeuza hakijashika, kinapasuka. Wateja wake aliwapikia kwa moto huohuo.

Kijiwe chenyewe ni mabenchi mawili na tairi bovu la lori, Mji Mpya, mwendo mfupi kutoka sokoni. Jengo la Njano lililowapa kivuli liliacha kuwa la njano siku nyingi. Sasa lina rangi ya chai iliyomwagika shukani. Chini yake kuna kinyozi, duka la dawa za mifugo, na baa ambayo hufungwa umeme ukikatika tu. Ngazi hazina taa. Na mbele ya ngazi, hatua chache kutoka kwenye masufuria, unapita mfereji ulioziba tangu masika ya mwaka wa uchaguzi. Wenyeji walishaizoea harufu yake kiasi kwamba mgeni akiziba pua, wanamwona anaringa.

"Nyumba ni ardhi, bwana," Lenta aliendelea. "Hiyo ya juu si nyumba, ni hewa iliyozungushiwa tofali. Mimi Kihonda nina kiwanja. Nikisimama, nimesimama kwangu mpaka kuzimu."

"Ukisimama kwenye pagale," alisema Diwani.

"Nyumba iko kwenye lenta!"

Benchi zima liliangua kicheko, maana hapo ndipo alipopatia jina. Kwa mama yake anaitwa Collins. Lakini nyumba yake ya Kihonda ilifika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, miaka hiyo, ikakaa hapo ikisubiri bati, na yeye akakaa chumba cha kupanga nyuma ya baa akiisubiri nyumba.

"Mpapai wa sebuleni umeshazaa?" aliuliza Mzee Mgeni, kwa sauti ya mtu anayeulizia watoto.

"Cheka tu mzee. Ule mpapai uko kwangu."

"Na msiba?" Diwani alidaka, akainua kidole kama yuko jukwaani. "Ndugu zangu, tuliangalie hili kitaifa. Binadamu anakufa. Akifa, linafungwa turubai. Sasa wewe uko ghorofa ya tatu, turubai unalifunga wapi? Waombolezaji wakae kwenye ngazi, mmoja mmoja, kama kuku kwenye tundu? Sufuria la pilau upandishe kwa kamba?"

"Afe hospitali," alisema Mzee Mgeni.

"Hata akifa hospitali, atapitishwa nyumbani! Jeneza litapindaje kile kikona cha ghorofa ya pili? Mimi nilipandisha kabati pale. Kabati lilipita bila milango."

"Basi maiti apite bila milango."

Felista alikunja midomo kuzuia kicheko, akamwongezea mzee chai. Hata Diwani, Felista alimpenda, kwa kiasi. Jina lake ni Deogratias, na udiwani hajawahi kuupata. Aligombea mara mbili, akashindwa mara mbili, na kila mara alikuwa na sababu. Ya mara ya pili ilikuwa kwamba wapinzani waliiba bango lake kubwa, lile la turubai lililokuwa limening'inizwa ukutani mwa Jengo la Njano, kwa hiyo wananchi waliingia kupiga kura hawakumbuki sura yake.

Mlio wa pikipiki ulisikika kwa mbali, ukachukua muda mrefu kuwa wa karibu. Hapo wakajua ni Spidi. Yeye ni Abel, mwendesha bodaboda, na jina alilipata kwa sababu kitu hicho hana. Abiria wake hushuka wamesinzia. Wanaume wa kijiweni walimcheka kwa hilo, lakini ndilo lililomfanya Felista amtazame mara ya pili: kijana aliyesimama katikati ya barabara, honi zikimlilia nyuma, akamsubiri bata na vifaranga wake wamalize kuvuka.

Leo alikuwa amevaa raba nyeupe na shati lililopigwa pasi. Macho yake yalifika kwa Felista, yakaondoka haraka.

Sababu Felista aliijua. Jana jioni, wakati anaosha masufuria, Abel alimwambia kwamba amefikiri, na kwamba kwenye mkataba wa ile fleti liandikwe jina lake yeye. "Kwa ajili ya heshima tu, Feli. Watu wanasema. Itakuwa yetu wote, ila jina liwe la mwanaume."

Felista hakusema ndiyo, hakusema hapana. Ile pesa haikuwa ya vitumbua peke yake. Mama yake alikuwa ameweka, na mama zake wadogo, na bibi aliuza mbuzi. Kila gunia la karoti lililoshuka kutoka Mgeta kupitia Mlali msimu mzima lilikuwa na tofali lake pale juu. Ilikuwa pesa ya ukoo wa mama, na kwa Waluguru mali ya ukoo wa mama hubaki kwa binti. Jina la Abel likiandikwa, Felista hana uso wa kupanda tena kwao mlimani. Na Abel akishikilia, basi harusi hakuna. Akamjibu: "Kesho mjomba anashuka kuangalia nyumba. Hilo neno mwambie yeye."

"Bwana harusi!" Lenta alipiga saluti. "Samahani. Bibi harusi!"

"Acha zako, Lenta."

"Niache vipi? Mahari umedai kiasi gani? Mwambie Felista asikupunje, wewe ni mweupe."

"Kaka, tuongee kiutu uzima," alisema Diwani, akamvuta Abel kwa mkono mpaka kwenye tairi. "Siku mmekosana. Anakwambia toka nyumbani kwangu. Wewe utasemaje? Utamwambia toka wewe? Mwenye jina ndiye mwenye sauti. Mimi ninalijua jina, ninajua thamani ya jina kuandikwa pakubwa. Leo mjomba mtu akifika, mwambie uso kwa uso: jina langu kwanza."

"Nimeshamwambia Feli," Abel alinong'ona.

"Akasemaje?"

"Akaniambia nimwambie mjomba."

"Umeona? Anakuogopa!"

Felista alipuliza mkaa. Majivu yalimrukia Diwani kwenye koti, bahati mbaya au vinginevyo.

Mzee Mgeni alikohoa. Yeye ni Bonifasi, Mluguru wa juu kabisa mlimani, ambaye siku za soko hushuka na mkewe Yuliana na kukaa kijiweni wakati mkewe anauza kabichi. Alioa zamani, akahamia kwenye mashamba ya ukoo wa mke wake kama desturi ya huko, na tangu siku hiyo ukimuuliza hali ya nyumbani anakujibu kwamba yeye pale ni mgeni tu.

"Kijana, nikwambie ukweli wa kuishi kwa mke," alisema. "Nyumba ikivuja, nani anaitwa? Kaka yake. Mbuzi akila maharage ya jirani, nani anakwenda kwenye kesi? Kaka yake. Mtoto akitakiwa ada, wanakaa wajomba. Mimi nani ananiita, na wakati gani? Ninaitwa chakula kikiiva."

"Na kufukuzwa?" aliuliza Lenta.

"Nimefukuzwa mara tatu."

"Haya! Mmesikia?"

"Nafika mpaka mtoni, nakaa kwenye jiwe, natupa vijiwe majini. Jioni mtoto anakuja mbio: baba, mama anauliza unakula au hauli. Narudi. Wewe Lenta, mkeo alipoondoka Kihonda, nani alikufuata kukuuliza unakula au hauli?"

Lenta alitazama ndani ya kikombe chake kama kuna kitu kimeanguka humo.

Hapo lori la kabichi likapiga breki mbele ya soko. Mtu mfupi aliyevaa gambuti na koti la suti alishuka kutoka juu ya mzigo, akiwa ameshika kitu kirefu kilichofungwa kwenye mfuko wa mbolea. Felista alifuta mikono, akapiga goti dogo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mama yako anasema usisahau kula."

"Shikamoo mjomba!" kijiwe kizima kiliitikia, na wa kwanza kusimama alikuwa Diwani, amekumbatia kofia kifuani.

Mjomba Stefano aliwaangalia mmoja mmoja, akaangalia jengo, akaangalia mfereji, akavuta pua. "Twende shambani," alisema.

Walipanda wote, maana kubaki ilikuwa kukosa. Ngazi zilikuwa na giza hata mchana, na kwenye kikona cha ghorofa ya pili Diwani alimwonyesha kila mtu mahali kabati lilipokwama. Felista alifungua mlango kwa ufunguo alioazimwa na muuzaji. Sebule ilikuwa ndogo, ukuta umechubuka, dirisha moja tu. Lakini dirisha hilo lilitazama Uluguru, na mlima ulikuwa umejaa mote kwenye fremu, wa kijani, na ukungu kiunoni. Mjomba alisimama hapo muda mrefu kuliko alivyotaka kuonekana.

Kisha akageuka. "Majirani wa mpaka wako wapi?"

"Mpaka gani mjomba?" aliuliza Abel.

"Kwetu hatupokei shamba mpaka majirani wa mpaka waje washuhudie. Huyu wa kulia nani? Huyu wa kushoto? Na huyu wa juu, ambaye akimwaga maji yananishukia mimi?"

"Mjomba, mjini hatugongeani," alisema Lenta. "Jirani unamjua kwa redio yake."

Mjomba alishamwacha. Alikuwa kwenye korido anabisha hodi mlango kwa mlango, gambuti zikilia kwenye ngazi za juu, kisha za chini. Wa kulia alifungua akiwa na povu la mswaki. Wa kushoto alidhani ni watu wa kukata maji, akajibu kutoka ndani kwamba mwenye nyumba amesafiri. Kutoka juu alishuka Bi Aisha, mama wa makamo, ushungi umewekwa kwa haraka.

"Miaka yote nakaa humu," alisema, "leo ndiyo mara ya kwanza mtu kunigongea bila kunidai kitu."

"Mimi ndiye mjomba wa huyu binti. Jirani yako mpya. Una mgogoro wowote na shamba hili?"

Bi Aisha alifikiri. "Shamba sina mgogoro nalo. Mgogoro ninao na choo. Maji hayashuki. Ule mfereji pale chini umeziba, basi uchafu wa nyumba nzima unarudi kutusalimia. Tumelalamika mpaka tumechoka. Kuna mgombea mmoja alituapia kwa Mungu ataushughulikia..."

Diwani aligundua kamba ya kiatu chake imelegea, akainama.

"Umeziba wapi hasa?" aliuliza mjomba.

"Chini pale, wanapokunywa chai."

Mjomba Stefano aliushika ule mfuko wa mbolea, akaufungua taratibu. Lilikuwa jembe. Mpini mpya, mti mweupe bado unanukia. Felista alikuwa amelitarajia na kuliogopa tangu alfajiri. Ndiyo desturi ya kwao: mchumba hapewi mke kwa maneno. Anapewa jembe, anaonyeshwa kipande cha mteremko, na mjomba anakaa pembeni akimwangalia anavyolima. Hasemi kitu. Anaangalia tu: anaanzia wapi, anapumzika lini, akichoka anatukana au hatukani. Baba yake Felista alilima hivyo. Mzee Mgeni alilima hivyo, na mgongo wake haujasahau.

"Nilikuwa najiuliza mjini nitampa mteremko gani," alisema mjomba. "Kumbe upo. Shika."

Abel alipokea jembe kwa mikono miwili. Akaziangalia raba zake nyeupe.

"Sasa!" Diwani alimpumulia sikioni. "Jina kwanza, jembe baadaye. Ukishika tope kabla ya jina, umekwisha."

"Una neno, kijana?" aliuliza mjomba.

Hata redio ya wa kushoto ilizimwa. Felista alisimama kwenye mlango wa nyumba ambayo haijawa yake, ameukaza ufunguo mpaka meno ya ufunguo yakamwachia alama kiganjani. Hakumsaidia Abel hata kwa jicho. Alitaka kuona ataanzia wapi.

"Ninalo, mjomba."

"Linaoza?"

"Haliozi."

"Basi lima kwanza."

Wakashuka. Mjomba alikaa kwenye benchi mahali pa Diwani, akapewa chai na vitumbua. Abel alivua raba, akaziweka juu ya tairi, zimetazamana. Akakunja suruali. Akaingia.

Habari za mtu aliyeingia kwenye mfereji kwa hiari yake zilisambaa Mji Mpya nzima. Kinyozi alitoka na mteja aliyenyolewa nusu. Baa ilimwaga watu na bia zao. Wauza nyanya walikuja, na Yuliana mke wa Mzee Mgeni akaacha kabichi kwa jirani.

"Bibi harusi anapakwa udongo!" Lenta alipiga kelele. "Singo ya Mji Mpya!"

"Spidi, kwa mwendo huo mtasaini mwakani!" alidakia kinyozi.

Abel alikaza mpini. Alilima kama anavyoendesha pikipiki. Hakurusha tope hovyo. Alilivuta, akalipanga ukingoni, akarudi. Alianzia chini, kule maji yanakoelekea, akapanda kidogo kidogo, ili mfereji ukizibuka maji yasimzamishe. Mjomba alipoona hivyo aliacha kutafuna. Felista aliliona hilo, akageuza vitumbua.

Zikatoka chupa. Ikatoka kandambili ya kushoto, na mlevi mmoja akaitambua. Kikatoka kifuniko cha sufuria ambacho Felista alikitafuta msimu mzima.

Kisha jembe likanasa.

"Jiwe," alisema mtu.

"Si jiwe. Linavutika." Abel aliweka jembe chini, akaingiza mikono, akavuta. Likaja kidogo, likarudi. Lenta, ambaye hakuna aliyemwomba, alikunja suruali akaingia, akashika upande wa pili. Wakavuta kwa pamoja. Kitu kikubwa cheusi kikateleza nje kama mamba, na nyuma yake mfereji ukanguruma, ukakohoa, maji ya ghorofa zote yakaondoka kwa kasi ambayo haijaonekana pale tangu uchaguzi. Juu dirishani Bi Aisha alipiga kigelegele.

Walikitandaza kile kitu juu ya barabara. Lilikuwa turubai. Yuliana alilimwagia ndoo ya maji, na tope lilipoondoka likatokea jicho moja. Ndoo ya pili ikaleta jicho la pili, na tabasamu pana. Chini ya tabasamu, kwa herufi zinazosomeka hata kutoka Dumila huko mbali, jina: DEOGRATIAS. Na chini ya jina: MFEREJI HUU NI AIBU. NICHAGUE NIUZIBUE.

Kwanza hakuna aliyecheka. Aibu ilikuwa kubwa mno.

"Waliliiba," alisema Diwani kwa sauti nyembamba. "Niliwaambia. Wapinzani."

"Wakalificha miguuni pako?" aliuliza Mzee Mgeni.

Ndipo Mji Mpya ikacheka. Waliokuwa wamesimama walikaa, waliokuwa wamekaa walilala. Mteja wa kinyozi alicheka akishika upande alionyolewa. Mjomba Stefano peke yake hakucheka. Alilizunguka lile turubai, akaisoma ile sura mpaka mwisho kama mtu anayesoma pakiti ya mbegu dukani, akarudi kukaa.

"Haya kijana. Umelima. Lile neno lako haliozi, ulisema. Lete."

Abel alisimama katikati ya watu, matope mpaka mapajani. Alimtazama Felista, na safari hii macho yake hayakukimbia. Kisha akalitazama turubai, zile herufi kubwa zinazochuruzika.

"Nilikuwa nataka liandikwe jina langu, mjomba," alisema. "Lakini nimeona majina yanakoishia."

Mjomba alimaliza chai yake. Alikung'uta makombo kwenye koti la suti. "Bibi atafurahi," alimwambia Felista. "Huyu anaanzia chini."

Kijiwe kilianza kutawanyika. Diwani alikuwa ameshatawanyika zamani. Koti lake lilionekana kwa mbali likipinda kona ya soko. Lenta alimfuata mjomba mpaka kwenye lori, matope yakimkauka magotini.

"Mjomba, samahani. Hivi Felista hana mdogo wake? Hata ghorofa ya nne mimi napanda."

"Anaye," alisema mjomba. "Wewe weka bati kwanza."

Felista alishapanda. Aliwaambia anatafuta ndoo, na huko juu hakukuwa na ndoo. Alisimama sebuleni, mgongo ukielekea mlima, akasikia nyayo zenye maji zikipanda gizani, bila haraka, ghorofa ya kwanza, kikona cha kabati, ghorofa ya tatu. Zikasimama.

"Hodi," alisema Abel nje ya mlango.

Felista hakufungua. Hakuwa na kinyongo. Alitaka tu kuisikia ile hodi ikirudi.

"Hodi, wenyewe."

Kutoka chini, kupitia dirishani, ikapanda sauti ya Mzee Mgeni:

"Bisha tena! Mimi mpaka leo hufunguliwa kwenye hodi ya tatu!"